Dominika ya Kristo Mfalme: Padre Albert Joubert na Wenzake, Wafiadini wa Baraka na Fizi





Siku moja baada ya Misa mama mmoja alituuliza: "Baba Padre, mbona tunaambiwa kumwombea Padre Mushi, wala hatuambiwi kumwomba yeye atuombee?" Swali hilo ni la haki. Tarehe 17 Februari 2013, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Padre Evarist Mushi alipigwa risasi huko Zanzibar alipokuwa akifika kanisani kuadhimisha Misa. Alizikwa Kitope. Huku kwetu mlimani, ambako jina la Mushi halihitaji kuelezwa kwa mtu, habari ile iliingia kama msiba wa nyumbani. Tuliyasikia mengi wiki ile, njiani na vilabuni, na si yote yaliyokuwa ya kilio. Mengine yalikuwa ya kulipa.

Tulimjibu yule mama hivi. Kanisa halijatamka kwamba Padre Mushi ni mfiadini. Halikumkana, limenyamaza, kwa maana kutamka neno hilo kwahitaji mashahidi, uchunguzi na miaka. Mkristo akimwomba katika siri ya moyo wake hakosi. Bali kuweka picha yake altareni, au kukiita kigango kwa jina lake, ni kulitangulia Kanisa. Kumwombea ni wajibu wetu, na wajibu huo haumpunguzii heshima hata kidogo.

Na miaka hiyo yaweza kuwa mingapi? Tutazame ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Padre Albert Joubert alizaliwa mwaka 1908 karibu na Moba, katika nchi ya Kongo. Baba yake, Kapteni Joubert, alikuwa Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa. Alipitia nchi yetu kwa njia ya misafara, akafika Karema, kisha akavuka ziwa na kukaa Mpala ili awakinge watu na wauza watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi ile, wala hakurudi tena Ulaya. Alifariki huko mwaka 1927. Albert alipewa daraja ya upadre mwaka 1935. Twayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba wafiadini wale walikuwa wageni watupu waliopotea njia. Padre huyu alikuwa mwana wa ziwa lile, na maziwa aliyonyonya yalikuwa ya mama Mwafrika.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliishika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishushwa kwa ndege mjini Stanleyville, na hasira ya waasi ikawaka. Siku nne baadaye, Jumamosi tarehe 28, mkesha wa Dominika ya kwanza ya Majilio, waasi walifika kwa gari katika misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin aliamriwa kupanda gari, akakataa, akauawa. Padre Luigi Carrara alikuwa akiwaungamisha waamini. Alitoka, akamwona ndugu yake amelala chini, akapiga magoti kando yake. Naye akauawa hapo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 31. Jioni ile ile gari lilifika Fizi. Padre Giovanni Didonè alifungua mlango, akafanya ishara ya msalaba, akapigwa risasi. Padre Joubert akaanguka naye, mzee wa miaka 56.

Mtu atasema: basi hiyo ilikuwa siasa. Naam, siasa ilikuwamo. Hata mbele ya Pilato ilikuwamo. Kanisa lilichunguza kwa uvumilivu, na mwezi wa Desemba 2023 Papa Fransisko alikubali kwamba waliuawa kwa sababu ya chuki dhidi ya imani. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenyeheri. Ilikuwa imepita karibu miaka sitini. Wengi wa wakimbizi wa Nyarugusu, kule Kasulu, wametoka pande hizo hizo za Fizi na Baraka, na sala zao kwa Wenyeheri hawa zaweza kusaliwa kwa Kiswahili hiki hiki tunachokitumia sisi.

Ndugu zetu, haitoshi kujifunza kungoja. Machame na milima hii inayo kumbukumbu yake yenyewe, na si tamu. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliotoka huku kwetu mlimani kwenda Meru, waliuawa huko Akeri. Hawakuwa wa Kanisa letu, lakini damu yao twaiheshimu pamoja na jirani zetu, tunaokaa nao katika ukoo mmoja na mara nyingi katika nyumba moja. Ni yapi yaliyofuata? Serikali ya Kijerumani ilituma jeshi la kuadhibu, na wapiganaji wa Kichaga wakaandamana nalo. Watu wengi wakauawa, ng'ombe wakaswagwa. Injili ilingoja miaka sita mpaka misioni ilipofunguliwa Nkoaranga mwaka 1902. Wale wawili walikwenda kuhubiri. Waliokwenda kwa jina lao walikwenda kuchoma nyumba.

Wazee wetu walikuwa na isale. Aliyekosa alilichukua jani lile akalipeleka kwa aliyemkosea, na ilikuwa aibu kubwa kulikataa. Katika wafiadini twaona jambo la ajabu: aliyekosewa ndiye alibebaye jani. Ndivyo alivyofanya Mfalme tunayemwadhimisha leo, aliyewaombea waliompigilia misumari wakati nyundo zingali mikononi mwao.

Tarehe 28 mwezi huu, jioni, tunaziomba jumuiya zote zisali rozari kwa ajili ya nchi ya Kongo, na katekista ayasome majina manne: Albert, Giovanni, Luigi, Vittorio. Kisha tumwombee Padre Mushi pumziko la milele. Na kabla ya kufunga sala tuongeze nia moja, kwa sauti, hata kama itatukwama kooni: kwa ajili ya mtu yule aliyempiga risasi, ambaye Mungu amjua kwa jina.