Penye Birika la Bethzatha

Leo twafungua Injili ya Yohana, mlango wa 5, tusimame kidogo penye birika la Bethzatha.

Pale palilala mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38. Maji yakitibuliwa, aliyetangulia kuingia ndiye aliyepona. Uangalie sana utaratibu huo. Hapakuwa na karani wa kudai ada. Birika lilikuwa la wote. Lakini mwenye miguu, au mwenye ndugu wa kumbeba, ndiye aliyefika.

Sisi wa Likoni twalijua jambo hili. Hospitali kuu ya rufaa iko kisiwani, na katikati pana feri. Mgonjwa wa usiku wa manane kule Mtongwe ana haki sawa na jirani wa hospitali, kwa maandishi.

Kila mpango wa afya wa taifa una imani fulani ndani yake juu ya mwanadamu, hata kama waliouandika hawakuitaja. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa waraka wa serikali juu ya Ujamaa wa Kiafrika, Kenya iliondoa ada ya shilingi 5 kwa mgonjwa asiyelazwa. Imani yake: ugonjwa wa mmoja ni mzigo wa wote. Desemba 1989 wagonjwa wakaambiwa wachangie gharama. Hoja haikuwa ya kipumbavu, maana dawa hazinunuliwi kwa maneno. Lakini wagonjwa walipungua sana hospitalini, ada ikasitishwa mwaka 1990, kisha ikarudishwa polepole tangu 1992. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema afya ni haki ya kila mtu. Na tangu Oktoba 2024 tuna mfuko mpya wa bima ya afya ya jamii: mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, kiasi cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye nguvu ambebe dhaifu. Ni wazo jema. Tatizo ni muuza mihogo ambaye hizo 300 hazikai mkononi.

Tusidhani haya ni ya wakubwa wa Nairobi tu. Baraza letu la kanisa lilikaa na shilingi 36,000 za sadaka ya mavuno. Zingetosha kulipia nyumba 10 maskini mwaka mzima. Au zingemsaidia mama mmoja mwenye saratani, ambaye fungu lake katika mfuko lilikuwa limekwisha kabla ya mwaka kwisha. Sisi wachungaji tukakimbilia mfano wa kondoo mmoja aliyepotea. Mzee mmoja akatujibu, “Mchungaji, wale 99 nao ni kondoo.”

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Kwa kweli twapenda kuhubiri habari za yule mmoja, na kuwapita haraka waliobaki nyikani.

Tulilipia zile nyumba 10. Mama yule tuliambiwa tumwarifu sisi wenyewe, na njia ya kwenda kwake ilikuwa ndefu siku ile. Alitusikiliza, akauliza kama nyumba ya jirani yake imo katika orodha. Ilikuwamo.

Hatusemi tulikata shauri kwa haki. Matao matano ya Bethzatha yalijaa wagonjwa, na Yohana atueleza habari za kuponywa mmoja tu. Juu ya wengine amenyamaza. Tumelisoma fungu hilo mara nyingi tangu siku ile. Lakini yule mtu alikuwa amelalamika kwamba hana mtu, na hilo twaweza kulishika. Akina mama wakafanya zamu. Kila siku ya matibabu mmoja wao huvuka feri pamoja na yule mama, hungoja naye kwenye benchi, humrudisha.

Alhamisi hii atavuka tena. Ndugu msikilizaji, tumwombee.