Siku moja katika jangwa la Turkana, na deni tulilobaki nalo



Mulituomba tueleze njia ya kurudi, sababu jamaa waliobaki kambi ya Kakuma, Kenya, wanatupigia simu kila mara kuuliza. Tutasema siku moja tu, ile ya jangwa.

Tulikuwa familia tano katika bisi dogo tulilokodi pamoja. Lile bisi njo lilikuwa nyumba yetu: sufuria chini ya viti, magodoro juu, watoto wakilala kwa zamu. Tulitoka mapema, mbele jua haijakuwa kali. Kakuma mpaka Lodwar ni karibu kilomita 120 za mchanga, mawe na miti ya miiba. Mito mingi ni mikavu, lakini mvua ikinyesha mbali mlimani, maji inafika ghafla na inabeba gari. Kwa hiyo shofere alikuwa anauliza wenyeji kwanza, kisha ndiyo anavuka. Sisi wa Kabare, wenye mvua mingi, kule tulijifunza kuheshimu bidoni ya maji.

Nyuma ya Lodwar ni Lokichar na Kainuk, kisha barabara inapanda kwenye milima mpaka Kapenguria, kwenye majani mabichi. Pale tukashuka kuona makumbusho. Vile vyumba vya kufungia watu vingali vipo. Serikali ya Waingereza iliwahukumu pale Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Kesi ilianza mwisho wa 1952. Tarehe 8 Aprili 1953 wakapewa miaka 7. Oneko alishinda rufaa, lakini hawakumuachilia. Kenyatta na wengine walipelekwa Lokitaung, kule kule Turkana.

Kwa nini Kapenguria? Sababu ilikuwa mbali, na hakuna aliyeingia bila ruhusa. Hata mawakili walilala Kitale. Walitaka wale watu wasahauliwe. Lakini watu wao hawakuwasahau: Kenyatta alitoka 1961, na 1963 akawa waziri mkuu.

Ndani ya bisi tuliongea sana juu ya jambo hilo. Wale walikuwa wafungwa, sisi tulikuwa wakimbizi, si kitu kimoja. Lakini umbali ni umbali. Mutu anapotea kabisa siku ile watu wake wanaacha kumuuliza.

Sasa tuje kwa letu. Kuna mama mmoja kule, na watoto wanne. Ana nusu ya nauli. Sanduku letu lina mipango miwili: kununua viti na hema ya matanga, ama kumalizia nauli yake. Wanaosema viti vitaleta pesa ya kukodisha, wana haki. Lakini viti vinaweza kungoja. Mvua kubwa ya kule inaanza mwezi wa tatu, na mito ile haingoji mutu. Tunaomba nauli itangulie. Akifika, naye atachangia wa nyuma yake, kama sisi.

Na mumwambie hivi kwa simu: atafute kwanza ruhusa ya kusafiri, karatasi za kuzaliwa za watoto na za masomo. Asitembee usiku, zaidi upande wa Kainuk, kwenye wanyang'anyi. Na maji, hata kama inaonekana mingi, aongeze bidoni moja.

Sasa tupige kura.