Kicheko cha Majuto, mfuko wa nani?



Basi la kutoka Dar es Salaam kuja Nyanda za Juu Kusini likishaiacha Mikumi, kondakta huweka filamu. Kwa miaka mingi filamu hiyo ilikuwa ya mzee mmoja mchekeshaji, King Majuto. Mlima Kitonga tuliupanda tukicheka, hata wale wanaofumba macho kwenye zile kona.

Jina lake halisi ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, angali mtoto, miaka mingi kabla Tanzania Bara haijawa na televisheni. Jukwaani ukikosa kuchekesha unajua palepale, na shule hiyo ilimkaa hadi mwisho. Mtazame: anapewa maneno mawili tu, anayakatiza, anaguna, anamgeukia mwenzake kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa, na basi zima limeshaangua kicheko. Mhusika wake alikuwa karibu yuleyule siku zote: mzee mroho, mpenda wasichana, mjanja anayenaswa na ujanja wake mwenyewe. Tulijua atakachofanya, na tulicheka vilevile.

Zamani Redio Tanzania ilikuwa na wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi. Hao wangeweza kupita sokoni Mwanjelwa, Mbeya, wakanunua ndizi bila kusumbuliwa na mtu, mpaka wafungue mdomo. Majuto alijulikana kwa sauti na kwa sura pia, ndiyo maana wenye matangazo ya biashara walimkimbilia.

Hapo kwenye malipo ya matangazo na filamu ndipo penye neno langu leo. Mwaka 2018 mzee aliugua sana, akapelekwa India kutibiwa, na Watanzania wakachangishana. Mwaka huohuo Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wetu wa Kyela wakati huo, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwamo. Tarehe 8 Agosti Majuto alifariki katika hospitali ya Muhimbili.

Wapo wanaosema wasanii hula ujana na kusahau uzee. Mimi sikubali, angalau si kwa huyu. Filamu nyingi za enzi ile ziliuzwa kwa msambazaji kwa mkupuo. Mwigizaji alilipwa mara moja, basi. Baada ya hapo filamu iliingia kwenye basi, kwenye kibanda cha video, kwenye CD za kudurufu, na kila mmoja akapata chake isipokuwa yule aliyetuchekesha. Nasi abiria tuliona ni sawa, maana kicheko hakina mizani kama gunia la viazi.

Vijana wa Iringa na Mbeya sasa wanarekodi vichekesho kwa simu, lafudhi ya nyumbani ikiwa ndiyo mtaji wao. Wafanyabiashara wameshawaona. Kijana akiitwa kurekodi tangazo, aulize litarushwa miezi mingapi, katika vyombo gani, na likiongezewa muda atalipwa nini. Majibu hayo yaandikwe, naye abaki na nakala yake. Sisi wenye redio nasi hatuna pa kujificha. Tangazo lililokwisha muda wake litoke hewani siku hiyohiyo, hata kama wasikilizaji bado wanalipenda.