Eldoret na Ukingo wa Kerio



Wasafiri wengi waendao Malaba na Kampala huujua mji wa Eldoret kwa dirisha la basi tu. Gari husimama, abiria hununua mahindi ya kuchoma, hujikunyata kwa baridi ya mahali palipoinuka karibu futi 7,000, kisha huenda zao.

Eldoret ulitangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti, 2024, wa tano katika Kenya. Asili yake ni shamba nambari 64, na hata leo wako wauitao Sisibo, ndiyo nambari hiyo ya Kiingereza kama ilivyotamkwa na wenyeji. Jina la sasa, lililotolewa mwaka 1912, latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mto wa mawe. Nao ni mto Sosiani, upitao katikati ya mji.

Mgeni hukosi kusimuliwa habari ya kasha la chuma la benki: kwamba lilianguka kutoka garini, likawashinda watu kuliinua, basi benki ikajengwa palepale. Hadithi hiyo huchekesha, lakini yaweza kumpoteza msikilizaji akadhani kwamba nchi ilikuwa tupu hata Makaburu walipofika na magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908. Sivyo hata kidogo. Uwanda wenyewe waitwa kwa jina la Wamasai wa Uasin Gishu, waliolisha ng'ombe hapo zamani. Na kabla yao walikuwako watu ambao Wakalenjin huwaita Wasirikwa. Hao walichimba mashimo ya mviringo penye miteremko, ng'ombe wao wakalala humo salama. Mashimo hayo yangalipo, ila kila jembe la trekta lipitapo juu yake, hufukiwa. Afadhali mtu ayaone sasa.

Toka mjini, barabara ya Iten yapita mashamba ya ngano na mahindi na mlima wa mawe wa Sergoit. Iten, yapata maili 20 na ushei, ni mji wa wakimbiaji mashuhuri. Hapo nchi hukatika ghafula. Chini, futi 4,000 hivi, laonekana bonde la Kerio lenye joto na miembe, na mto wake ukielekea kaskazini hata ziwa Turkana.

Upande huohuo wa kaskazini, katika nchi ya Wamarakwet, imo mifereji iliyochimbwa mamia ya miaka iliyopita. Huteka maji ya mito ya milimani, ikayapitisha kandokando ya magenge, pengine juu ya magogo na mawe, hadi mashambani. Kila ukoo una zamu yake ya maji.

Bonde hilo limepatwa mara nyingi na wizi wa mifugo na maporomoko ya ardhi, kwa hiyo mgeni na aulize kwanza kwa chifu kabla ya kuteremka. Na aondoke Eldoret alfajiri. Sweta huvaliwa Iten. Huko chini hubebwa mkononi.