Mchwa Hawana Sikukuu
Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kahawa Sukari



Desturi ya mkutano huu ni kwamba karani husoma hesabu za mwaka, kisha huketi. Hesabu hizo zimekwisha kusomwa, nanyi mmezikubali. Lakini Kamati imetuagiza tuseme maneno machache zaidi juu ya hasara moja ambayo haina safu yake katika hesabu, ingawa ilitugharimu sana. Tutasema juu ya kuzilinda nyumba zetu na wadudu na panya. Huenda mtu akaona kuwa ni jambo dogo kwa mkutano mkubwa kama huu. Sisi pia tuliliona hivyo, mpaka lilipotuaibisha.

Wengi wenu mmesikia habari ya lile sanduku. Yafaa sasa tuieleze sawasawa, maana habari ikipita midomo mingi huongezwa chumvi. Katika mvua za vuli za mwaka uliopita, mama mmoja aliyefiwa na mumewe alikuja ofisini kuomba fedha za mfuko wa mazishi. Kanuni zetu zasema kwamba mwanachama awe amelipa michango ya miezi 12 mfululizo kabla ya msiba. Tulimwomba mama aketi, tukaenda stoo kulitoa daftari katika sanduku la mbao lililokaa pembeni, limeegemea ukuta. Tulipolinyanyua tulistaajabu kuona ni jepesi. Kwa nje lilikuwa zima, hata rangi yake haikuchubuka. Tulipofungua kifuniko tulikuta udongo. Madaftari matatu yalikuwa yameliwa kutoka chini kwenda juu, majalada yamebaki kama maganda ya mayai, wala hapakuwa na ukurasa uliosomeka kutoka mwanzo hata mwisho.

Mama yule hakutupigia kelele. Alirudi kwake, na kesho yake akaja na mkebe wa Kimbo. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za mumewe zimefungwa kwa uzi, tisa kati ya kumi na mbili. Kamati ilikaa mara tatu. Wazee walitoa ushahidi, mweka hazina akatafuta hati za benki, na mwishowe mama alilipwa haki yake yote. Lakini mazishi yalikuwa yamekwisha kupita kwa fedha za kukopa, naye alilazimika kukiomba kama sadaka kitu kilichokuwa mali yake. Mchwa walifanya kazi waliyoumbiwa. Kosa lilikuwa letu sisi tulioshika ufunguo wa stoo, ambao kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima hatukulisogeza sanduku lile hata shubiri moja. Mkebe wa mama ulitunza karatasi kuliko ofisi yenye katiba na muhuri.

Baada ya aibu hiyo tuliona imetupasa kumjua adui aliyetushinda. Mchwa ni mdudu mwenye ngozi laini, asiyestahimili jua wala upepo mkavu. Kwa sababu hiyo husafiri chini ya ardhi, na akitaka kupanda ukutani hujijengea kwanza njia ya udongo uliochanganywa na mate yake, nyembamba kama penseli. Huingia nyumbani katika ufa wa sakafu, au kandokando ya bomba la maji mahali ambapo fundi hakupaziba vema. Hula mbao kutoka ndani na kuacha ngozi ya nje, ndipo mwimo wa mlango huonekana mzima mpaka siku utakapoubonyeza kwa kidole ukazama. Malkia wa mchwa wanaojenga vichuguu hutaga mayai maelfu kwa siku moja, na huweza kuishi miaka mingi. Basi kuwaua wale wachache uwaonao ukutani ni sawa na kuchota maji ya mto kwa kijiko. Kesho wengine wako pale pale.

Mvua zinapoanza, za masika na tena za vuli, kumbikumbi hutoka ardhini na kuzizunguka taa zetu. Watoto hufurahi, na katika sehemu nyingi za nchi hii watu huwakaanga wakawala. Lakini kumbikumbi ndio mchwa wenyewe walioota mbawa, waendao kutafuta mahali pa kuanzisha makao mapya. Ukikuta mbawa tele ndani ya chumba ambacho madirisha yake yalikuwa yamefungwa, elewa kwamba huenda wametoka humo humo ndani ya nyumba yako.

Ardhi tunayoikalia nayo ina habari zake. Pande hizi za Ruiru zilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa kabla ya mitaa yetu kujengwa. Mahali popote mibuni ilipokatwa na visiki kuachwa ardhini, mchwa walikuwa na chakula kabla sisi hatujafika. Tena mafundi wengi wamalizapo kujenga hufukia vipande vya mbao na vigingi kando ya msingi, wakidhani wamesafisha kiwanja, kumbe wamewaandalia wageni karamu. Nasi wenye nyumba huongeza yetu: kuni tumeziegemeza ukutani, udongo wa bustani umepanda kuliko sakafu, na mfereji wa paa unavuja mwaka mzima mahali pamoja. Mchwa hupenda unyevu, na hapo tumewapa chakula na maji kwa pamoja.

Nao mkulima wa kahawa angeweza kutufundisha. Katika kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru ilizalishwa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985. Ilikusudiwa kuyastahimili magonjwa mawili, la matunda ya buni na la kutu ya majani, ili mkulima asitegemee kunyunyiza dawa tu. Mkulima hodari hupita kati ya mistari ya mibuni yake wakati majani yangali mabichi, akitazama chini ya kila jani. Hangoji matunda yaanguke ndipo aulize kulikoni. Je, sisi tuliojenga nyumba kwa mikopo ya miaka mingi, huzitazama hivyo?

Habari ya panya ni ya zamani zaidi katika nchi yetu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 1902, mji ukiwa mchanga bado, tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi, na wenye mamlaka wakaamuru mtaa huo uchomwe moto. Tauni huenezwa na viroboto wa panya, na panya hukaa palipo na takataka, nafaka na mahali pa kujificha. Kazi ambayo ingalifanywa kwa fagio na mapipa yenye vifuniko ilikuja kufanywa kwa kiberiti. Leo hatuishi kwa hofu ya tauni hapa kwetu, lakini panya angali anachafua unga wetu kwa mkojo wake, angali anaeneza magonjwa, na huguguna nyaya za umeme juu ya dari hata moto ukaweza kuzuka. Panya mdogo wa nyumbani hupita katika tundu litoshalo penseli, na jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu tu. Anayesema, “Nimemwona mmoja tu, nitashughulika mwisho wa mwezi,” atashughulika na ukoo mzima.

Kunguni tutamtaja ingawa wengi huona haya kumtaja. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kunguni haulizi kama nyumba ni ya tajiri au ya maskini. Huja ndani ya sanduku la mtoto arudipo kutoka shule ya bweni, au katika kochi lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika. Aweza kukaa miezi bila kula, akingoja. Anayeficha habari yake kwa kuona aibu humpa nafasi ya kuhamia kwa jirani. Tazameni mishono ya godoro na viungo vya kitanda, fueni mashuka kwa maji ya moto sana, na kochi la kununua likaguliwe nje kabla halijavuka kizingiti.

Sasa tuseme la kufanya. Tumelipanga kwa kalenda, kwa kuwa jambo lisilo na siku yake halifanywi.

Kila wiki, pafagiliwe chini na nyuma ya jiko, mapipa ya takataka yafunikwe, na vyombo visilale bila kuoshwa. Bomba linalodondoka litengenezwe upesi, maana mende huvumilia njaa kuliko kiu.

Kila mwezi, makabati, masanduku na vitanda visogezwe kutoka ukutani. Mwenye nyumba azunguke nje kwa kurunzi akitafuta njia za udongo ukutani, na agonge miimo ya milango kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hutoa sauti kavu. Iliyoliwa hulia kama debe tupu. Kuni, majani makavu na udongo viondolewe kando ya ukuta, ili msingi uonekane pande zote.

Kabla ya masika na kabla ya vuli, nyufa zizibwe kwa saruji. Matundu ya mabomba yajazwe nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha yapigwe saruji juu, kwa sababu panya hawezi kuzitafuna. Mifereji ya paa isafishwe, na mtu apande darini akatazame kenchi.

Kwa anayejenga, wakati bora ni kabla ya sakafu kumwagwa, udongo wa msingi utiwe dawa na fundi anayeijua kazi hiyo, na visiki vyote ving’olewe. Mbao laini zisizotiwa dawa huliwa upesi, lakini mtarakwa na mvule hustahimili sana. Ndugu zetu wa Lamu waliezeka dari zao kwa boriti za mikoko karne nyingi, kwa kuwa walijua mti upi huliwa na upi haupendwi na mchwa.

Juu ya dawa tunawaonya kwa uzito. Zamani dieldrini na aldrini zilisifiwa sana kwa kuzuia mchwa, kwa kuwa zilidumu udongoni miaka mingi. Ikaja kujulikana kwamba zilidumu vile vile katika miili ya wanyama na ya watu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka miongoni mwa kemikali 12 za kwanza za kuondolewa duniani. Hapa Kenya sheria ya mwaka 1982 yataka dawa za wadudu ziandikishwe na bodi ya serikali kabla ya kuuzwa. Basi msinunue unga usio na jina unaouzwa kando ya barabara katika karatasi, wala msimimine dawa katika chupa ya soda, kwani mtoto hajui tofauti. Fundi wa dawa aulizwe jina la dawa yake, na kama imeandikishwa, na ni saa ngapi watu wakae nje. Akikasirika kwa kuulizwa, aende zake. Tena kumbukeni kwamba palipofagiliwa, palipozibwa na palipokauka, dawa inayohitajika ni kidogo.

Tunajua wengine watasema fedha hazipo. Tunajibu kwamba kazi nyingi tulizozitaja ni za mikono na macho, na gharama yake kubwa ni Jumamosi moja asubuhi. Mfuko mmoja wa saruji huziba nyufa nyingi, lakini hautoshi kumlipa fundi wa kung’oa miimo iliyoliwa na kutia mipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapangaji nao husema nyumba si yao. Ni kweli ukuta ni wa mwenye nyumba, lakini unga ni wako, godoro ni lako, na vyeti vya watoto vilivyomo kabatini ni vyako. Mwandikie mwenye nyumba barua mapema, nawe fanya lililo katika uwezo wako.

Tena panya hatambui mpaka wa ploti. Nyumba moja ikisafishwa na ya jirani ikaachwa, panya atahama kwa wiki moja kisha arudi. Kwa hiyo Kamati imeamua kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi iwe siku ya ukaguzi katika nyumba zetu zote. Wajane na wazee wasioweza kusogeza makabati wataletewa vijana wa kuwasaidia, bila malipo. Madaftari mapya ya Chama yamewekwa katika kabati la chuma, lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta, na nakala yake hukaa kwa mweka hazina. Kila mwezi tunalifungua mbele ya mashahidi wawili, na sahihi zao zimo katika daftari kwa yeyote atakaye kuziona.

Mama yule angali mwanachama, na mchango wake haujachelewa hata mwezi mmoja. Mara ya kwanza alipolipa baada ya matanga, alisimama mezani mpaka tulipomwonyesha jina lake limeandikwa. Tuliona vibaya, lakini tulijua ana haki. Tangu siku hiyo tumeagiza kila mwanachama aonyeshwe jina lake kabla hajaondoka.

Ombi letu ni moja. Mtakaporudi nyumbani jioni hii, kabla hamjala, kila mmoja asogeze kabati moja kutoka ukutani, atazame nyuma yake.