Kizuizi cha Jiliwa

Niliwahi kuchonga vipande 40 kwenye mashine ya milingi, kila kimoja nikikipanga kwa rula. Vipande 9 vikakataliwa, lawama ikawa yangu. Sasa natumia kizuizi. Funga chuma bapa kwa bolti kwenye taya la jiliwa lisilosogea. Lile linalosogea litakudanganya. Tia skrubu yenye ncha ya mviringo, ikaze kwa nati, kazi iguse hapo tu. Kabla ya kila kipande simamisha mashine, ufute chenga kwa brashi, si kwa kidole! Chenga nyembamba kama karatasi yatosha kuharibu kipimo. Kipande cha kwanza kipime vizuri. Vinavyofuata visukume hadi viguse, ukaze jiliwa. Tangu hapo msimamizi hajanirudishia hata kimoja.