Kwanza Mkubalie Anayekupinga

Msikilizaji, Januari 1958 wajumbe wa TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru wa Tanganyika, walikutana Tabora na hasira zao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ili uandikishwe ulitakiwa uwe na elimu, kipato au cheo ambacho Waafrika wengi hawakuwa nacho. Wengi ukumbini walitaka kususia. Kiongozi wao, mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alitaka waingie.

Angeweza kuwaambia kwamba hawaijui siasa. Inasimuliwa kuwa badala yake aliwapa mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe, na shamba lake liko ng'ambo ya matope. Akibaki alipo, kanzu itabaki safi, lakini shamba halitalimwa. Hebu tazama alichofanya hapo. Alikubali kwamba kura tatu ni matope! Mjumbe mwenye hasira alisikia hasira yake ikisemwa, tena vizuri, na mtu asiyekubaliana naye. Akishasikia hivyo, hana tena sababu ya kupiga kelele, anabaki kusikiliza.

Uamuzi wa kushiriki ukapita. TANU iliingia, ikaunga mkono hata wagombea Waasia na Wazungu, akina Amir Jamal na Derek Bryceson, na mtego ukawanasa walioutega. Zuberi Mtemvu, mmoja wa waliopinga, hakushawishika. Alitoka TANU, akaunda chama chake cha ANC, na mwaka 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya Nyerere, aliyepata zaidi ya asilimia 98 ya kura.

Miaka michache baada ya Tabora, Nyerere huyohuyo alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Ndani yake mna hotuba ya Antoni, rafiki wa Kaizari, kwenye mazishi ya Kaizari aliyeuawa, na wanaofundisha ufasaha huitaja mno. Antoni naye anaanza kwa kuwakubalia wapinzani wake: anawasifu, tena na tena, mpaka sifa zinageuka kejeli. Anaushika wasia wa marehemu, anajifanya hataki kuusoma, umati unamlilia ausome. Ufundi wa hali ya juu, sikatai. Ila matokeo yake ni umati unaomuua mshairi asiye na hatia kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa waliomuua Kaizari. Antoni alificha alichotaka. Nyerere alikiweka mezani pamoja na gharama yake, ndiyo maana Mtemvu aliweza kukataa akijua anakataa nini.

Sasa nenda Rukuba, kisiwani kwetu huku Musoma, au mwalo wowote wa Bunda, siku ya mkutano kuhusu uvuvi haramu. Afisa mgeni anashuka kwenye boti, anashika kipaza sauti, anataja sheria, faini, na kuchomwa kwa makokoro, zile nyavu haramu. Wavuvi wanapiga makofi ya adabu. Kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake kama alivyokuja. Wamepewa taarifa, tena kwa ukali. Nani amewashawishi?

Mimi ningependa kumsikia afisa anayeanza upande wa pili: kwamba nyavu halali ni ghali, kwamba kokoro linaleta mboga leo, kwamba mwenye mtumbwi anamdai kijana kila wiki na hamuulizi samaki walikuwa na urefu gani. Ayaseme hayo kwa haki, kama mvuvi mwenyewe angeyasema. Ndipo aje kwenye sangara wachanga wanaovuliwa kabla hawajazaa, na aseme wazi ni nani atakayeumia mwaka wa kwanza. Na atakayesimama kusema bado hakubali, apewe kipaza sauti mpaka amalize.